Betri Haibebi Wawili

Fundi wa viti alioa mwanamke aliyejua kupiga makasia kabla hajajua kuwasha jiko. Baba mkwe wake alikuwa mvushaji. Mto ulikata kijiji chao katikati na daraja halikuwepo, kwa hiyo mtu akitaka kwenda zahanati au sokoni ilimbidi aingie kwenye boti ya mzee yule. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume. Mgongo ulipoanza kumsumbua, binti yake mkubwa alikaa kwenye makasia, na watu waliozoea kulalamikia kila kitu hawakupata la kulalamikia.

Fundi mwenyewe hata kuogelea hakujua. Alikulia mjini, akajifunza kazi ya kuvisha makochi, na karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichoshikana na nyumba: upande mmoja sponji zimepangwa hadi darini, upande wa pili mifupa ya viti inasubiri kuvishwa nyama. Kutwa alikuwa ameuma misumari midomoni. Labda ndiyo maana maneno yake yalikuwa machache na yalitoka upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayenong'ona siri kumbe anaomba mkasi.

Ukiacha kazi, alichokipenda ni kuvua samaki kwa fimbo na uzi. Nje kidogo ya mji palikuwa na bwawa kubwa ambalo maji yake ndiyo tuliyokunywa sote, na kwa sababu hiyo injini za petroli zilikuwa marufuku humo. Ukitaka kuvua, upige makasia. Fundi alinunua kiboti chepesi cha faiba, akakijaribu mwenyewe mara moja, kikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Jumamosi iliyofuata alimchukua mkewe.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao. Kila Jumamosi asubuhi karakana ilifungwa, kiboti kilipakiwa kwenye mkokoteni, na wawili hao walishuka bwawani. Mtaani mke alijulikana kama Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zao wawili waliozaliwa siku moja. Kwenye boti mumewe alimwita Nahodha. "Nahodha, tusogee kwenye magugu." "Nahodha, taratibu, kuna kambare hapa ananichezea shere."

Mtu anayepiga makasia huketi akiipa mgongo safari. Haoni anakokwenda, anamwona aliyekaa nyuma ya boti. Kwa hiyo Mama Pacha alikaa uso kwa uso na mumewe, magoti yao yakikaribia kugusana, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuwasikia isipokuwa ndege wa majini. Nyumbani ilikuwa tofauti. Kulikuwa na mama mzazi wa fundi, bibi ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa yanayomhusu na mepesi kwa yasiyomhusu. Kulikuwa na pacha wawili, kulikuwa na mafundi wanafunzi waliokula mchana pale pale, kulikuwa na wateja wanaoingia bila hodi. Ungemjua Mama Pacha nyumbani tu ungeapa kwamba ni mwanamke asiye na maneno. Majini alikuwa mtu mwingine kabisa. Mikono ilipoanza kwenda mbele na nyuma, mdomo nao ulifunguka. Alimweleza mumewe jinsi mkuu wa jikoni pale shuleni alikopikia alivyowanyanyasa. Alimweleza maneno aliyoambiwa na bibi miaka ile kabla pacha hawajaja. Alimlilia mtoto wao wa tatu, yule ambaye hakufikia kuzaliwa, akilia na kupiga makasia kwa pamoja, bila kukosea pigo hata moja.

Fundi alisikiliza. Hakuwa mtu wa kutoa mawaidha. Alisema "mm," alisema "ehee," na pengine baada ya kuvuta uzi wote na kuurusha tena alisema neno moja la maana. Lakini mambo makubwa ya nyumba ile yaliamuliwa majini. Shule ya pacha, kuongezwa kwa karakana, ugomvi na jirani kuhusu mtaro, yote.

Sasa pale ukingoni mwa bwawa kulikuwa na mvuvi mmoja tuliyemwita Redio, kwa sababu ukishamwasha huna pa kumzimia. Redio alipoona kiboti kinasukumwa majini, mwanamke kwenye makasia na mwanamume ameshika fimbo, alishindwa kujizuia.

"Fundi! Leo umekuja na dereva wako?"

Wiki nyingine: "Jamani, sisi tumeoa wake, mwenzetu kaoa injini!"

Mama Pacha alicheka kuliko wote. "Injini gani inayojua kupika, Redio? Hebu nionyeshe duka lake."

Fundi naye alicheka, lakini cha kwake kilikuwa kicheko cha meno. Utani ule ulimwingia kama mwiba mdogo, ule usioonekana lakini kila ukigusa kitu unakukumbusha upo.

Halafu siku moja akamwona mkewe anaanika nguo. Alinyanyua mkono kufikia kamba, akasita, akashika bega na kukunja uso. Fundi hakuuliza kitu. Wiki chache baadaye alikwenda kuchukua makochi kwa mteja aliyekuwa anahama, na kwenye stoo ya yule mteja akaona mti mweusi wa chuma, chini una pangaboi dogo, juu una mkono wa kushika.

"Hiyo ni mota ya boti," mteja akamwambia. "Ya umeme, inatumia betri kama ya gari. Unaifunga nyuma, unazungusha mkono huu, unakwenda. Kelele hata ya nzi haina. Kama unaitaka, tuelewane, mimi ninakohamia hakuna maji ya kutosha hata kuogea."

Wakaelewana. Njiani kurudi fundi alijiambia kwamba ameifanyia jambo jema bega la mkewe. Ilikuwa kweli. Kwamba sauti ya Redio nayo ilikuwa ndani ya uamuzi ule, hilo alilifunika haraka, kama alivyojua kufunika mbao mbovu kwa kitambaa kizuri.

Alipoishusha nyumbani, Mama Pacha alifuta mikono kwenye kanga, akainama, akalisukuma pangaboi kwa kidole. Likazunguka.

"Sasa na mimi nitafanya nini?"

"Utakaa kama malkia."

"Malkia anakaa wapi?"

"Mbele. Utaniangalizia visiki."

Bwawa lile lilijengwa juu ya msitu wa zamani, na maji yakipungua visiki vilikuwa hatari. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata Mama Pacha alikaa mbele akiangalia mbele, na fundi alikaa nyuma ameshika mkono wa mota akitazama mgongo wa mkewe na fundo la kitambaa chake cha kichwani. Kiboti kiliteleza kama kisu kwenye siagi. Fundi alifurahi kama mtoto. Mara mbili tatu Mama Pacha aligeuza shingo kuanza hadithi fulani, lakini kisiki kilitokea, au shingo ilichoka, na hadithi ilibaki katikati.

"Ulikuwa unasemaje?" fundi aliuliza.

"Si kitu."

Waliendelea hivyo kwa muda. Fundi alikuwa amejifunza kwamba ng'ambo ya bwawa, chini ya jabali, kulikuwa na samaki wakubwa, lakini upepo ukiwa mkali betri ilichoka kabla ya kurudi. Asubuhi moja, mkokoteni ukiwa tayari mlangoni na mkewe ameshavaa kofia yake ya jua, akamwambia, misumari haipo mdomoni wala nini, maneno yametoka wazi kabisa:

"Mama Pacha, leo ubaki upumzike. Betri haibebi wawili mpaka ng'ambo."

 Mama Pacha akavua kofia.

"Haya," akasema. "Nikufungie chai?"

Alimfungia chai kwenye chupa, na Jumamosi iliyofuata alimfungia tena bila kuulizwa, na kofia ya jua ikapata msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni ikakaa hapo.

Tusimwonee fundi, mota ile ilikuwa raha. Aliiwasha polepole kabisa, kiboti kikatembea mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, kandokando ya magugu, na nyuma samaki bandia wake wa bati akimeremeta chini ya maji. Mkono mmoja kwenye mota, mwingine kwenye fimbo. Upepo ukimsukuma, anaongeza kidogo, anabaki pale pale kama ametia nanga. Samaki hawakusikia kitu. Alirudi na kambare wa kujaza beseni, na perege wa kugawa kwa majirani. Redio mwenyewe alinyamaza, na kumnyamazisha Redio halikuwa jambo dogo. Baadaye akaanza kumwita Kapteni.

Na Mama Pacha? Mtu hakai bure. Akaanza kwenda kupika kwenye shughuli za watu siku za Jumamosi, na mkono wake ulipojulikana akaitwa kila kona ya mji. Akaacha kazi ya shuleni, akanunua masufuria yake makubwa, akawa na wasaidizi. Mdogo wake wa kike, aliyeishi mtaa wa pili, alishirikiana naye. Fundi alijua kwamba mkewe ameacha kazi pale alipomkuta nyumbani siku ya Jumatatu.

"Mbona hujaenda shuleni?"

"Niliacha mwezi uliopita, Baba Pacha. Nilidhani unajua."

Fundi alisema "ehee," akarudi kwenye kochi lake.

Miaka ikaenda. Bibi akafariki, pacha wakaolewa, mafundi wanafunzi wakafungua karakana zao. Nyumba ikawa kimya, na wale wawili, ambao sasa wangeweza kuongea mchana kutwa bila kusikiwa na mtu, walikuwa wameshazoea kutoongea. Hawakuwa na ugomvi. Mtaani tuliwaona kuwa watu wenye amani, na wengine waliwatolea mfano.

Kisha pacha mkubwa akaja kusalimia. Alimwachia Mama Pacha mtoto wake, akaingia karakanani, akaketi juu ya rundo la sponji kama alivyozoea utotoni. Baba yake alikuwa anapigilia kitambaa kwenye mgongo wa kiti.

"Baba, kidonda cha mama kimepona vizuri? Nikimuuliza yeye ananiambia hamna shida, lakini si unamjua."

Fundi aliacha kupiga nyundo. Akatoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaiweka kwenye kopo.

"Kidonda gani?"

 Binti akafunika mdomo kwa kiganja.

"Kidonda gani, mwanangu?"

"Alikuwa na uvimbe, baba. Kwenye titi, huku karibu na kwapa. Walimpasua. Waliupima wakasema si ule mbaya." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilijua unajua. Mama mdogo ndiye aliyempeleka. Ilikuwa Jumamosi, wewe ulikuwa bwawani."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka majira ambayo mkewe alilala upande mmoja akisema amebeba sufuria vibaya. Alikuwa amemwambia, "Pole, usinyanyue vitu vizito," akachukua fimbo yake.

Alimkuta Mama Pacha jikoni, mjukuu mgongoni, anachambua mchele. Aliketi kwenye kigoda, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na mkewe akajua mara moja.

"Pacha amekuambia."

"Mbona hukuniambia?"

Mama Pacha aliendelea kuchambua. Hakukuwa na hasira usoni pake, na fundi alisema baadaye kwamba angependa sana iwepo.

"Ningekuambia wapi, Baba Pacha?"

Alidhani hakusikia vizuri. "Wapi? Si hapa? Si chumbani? Mimi si nalala pembeni yako?"

"Unalala, ndiyo. Nilijaribu siku moja. Ulikuwa unaangalia betri kama imejaa, nikasema nitakuambia ukimaliza. Ukamaliza ukaenda." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje ya mlango. "Sikuzoea kukuambia mambo makubwa humu ndani. Nilizoea kukuambia kule."

Fundi alikaa pale mpaka mchele ukaingia sufuriani. 

Jumamosi ile alifungua mota, akaiweka karakanani chini ya turubai. Akayatoa makasia kwenye dari, akafuta utando wa buibui, akapaka mafuta vyuma vya kuyashikilia. Akaichukua kofia nyuma ya mlango wa jikoni, akaikung'uta vumbi, akamletea mkewe.

"Nahodha," akasema. "Twende."

Mama Pacha aliitazama kofia, akamtazama mzee aliyeishika. Alikuwa na oda ya kupika siku hiyo. Akampigia mdogo wake simu, akamwambia aanze bila yeye.

Bwawani Redio, mvi tupu sasa, alisimama akiwatazama wanavyosukuma kiboti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata utani. Alisema tu, "Shikamoo, Mama Pacha," akawasaidia kusukuma.

Mama Pacha akaketi kwenye makasia. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, mwili ulikumbuka. Fundi akaona uso ule na magoti yale mbele yake. Akasubiri. Walipopita magugu ya kwanza mkewe akapunguza mwendo, akavuta tena, na mkono wa upande uliopasuliwa ukakataa. Alijaribu kuusaidia kwa mwili mzima. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Acha," fundi alisema.

"Ngoja, unakuja."

"Mama Pacha, acha. Utajiumiza."

Akaacha. Kasia likaning'inia, maji yakadondoka kwenye ncha yake. Wakabadilishana nafasi, wakitembea kwa kuchuchumaa, wameshikana mabega ili kiboti kisipinduke, na fundi akakaa kwenye makasia. Kiboti kikazunguka. Kikazunguka tena.

"La kulia limezidi," mkewe alimwambia kutoka nyuma. "Kulia kwako. Siyo hivyo, usilizamishe lote, unakoroga dona? Likate maji juu juu."

Alicheka, na fundi naye akacheka, na kwa kitambo kidogo ilikuwa nzuri sana. Kisha wakanyamaza. Fundi alivuta makasia, akitoa pumzi kama mvukuto, uso kwa uso na mkewe, akimsubiri aanze. Hata fimbo hakuwa amebeba. Alisubiri wakapita magugu yote, wakafika kwenye visiki.

"Niambie basi," akasema mwishoni.

"Nikuambie nini?"

"Chochote. Ya hospitali. Ya huko jikoni kwenu. Zamani ulikuwa na mengi."

Mama Pacha alitia vidole majini, akaviacha vikokotwe.

"Zamani nilikuwa nayo, kweli. Sasa nimeshamwambia mdogo wangu." Alitafakari, kama mtu anayetafuta kwenye pochi kitu ambacho angependa kukupa. "Ya hospitali nimemwambia, nikalia yakaisha. Ya kuogopa nimemwambia. Nikianza kukusimulia wewe leo itakuwa kama nakusomea gazeti la jana. Usichukie, mume wangu."

"Sichukii."

"Naona unavyotaka. Naona kabisa."

Aliposema hivyo fundi alijifanya anaangalia kisiki nyuma ya bega lake. Walirudi polepole, yeye akivuta, mkewe akimwelekeza njia, na viganja vyake vya fundi, vigumu kwa nyundo na mkasi, vikatoka malengelenge.

Mama Pacha hakurudi tena bwawani. Alimwambia waziwazi, kwa upole, kwamba bega haliwezi, kukaa bure hakumfai, na Jumamosi ina watu wanaomtegemea. "Rudisha mota yako, Baba Pacha. Usijitese na makasia, utazunguka mpaka uingie kizunguzungu." Fundi aliirudisha baada ya muda, lakini hakwenda tena kila wiki. Redio alitueleza kwamba siku nyingine alimwona katikati ya bwawa, mota imezimwa, uzi hajautupa, ameketi tu nyuma ya boti akitazama ubao wa katikati, mahali mpiga makasia anapokaa.

Siku za Jumatano alianza kufunga karakana mapema, akaingia jikoni kumsaidia mkewe kumenya viazi vya oda. Alimenya vibaya, akipunguza kiazi nusu nzima, na alitukanwa kwa hilo kwa mapenzi. Aliuliza maswali. Siku moja alimuuliza mkewe kama aliogopa alipokuwa anaingizwa chumba cha upasuaji, na Mama Pacha akasema, "Niliogopa kidogo, lakini manesi walikuwa wazuri," kwa sauti ya mtu anayemjibu mgeni mwema. Akamwongezea viazi kwenye beseni.

Simu ililia. Mama Pacha akaangalia, akafuta mikono, uso ukafunguka. "Ni mdogo wangu," akasema, akatoka nayo nje, akauvuta mlango nyuma yake ili kelele za jiko zisimsumbue. Fundi alibaki na kisu na kiazi mkononi. Alimsikia akiongea upande wa pili wa ukuta, maneno hayasikiki, sauti tu, inapanda na kushuka, inakatika kwa kicheko na kuanza upya, ndefu, bila kuchoka.